Nywele zinanyonyoka kwa mabaka: sindano, maji ya kitunguu au kusubiri? Wa Nyanda za Juu Kusini naomba msaada

DadaMwanjelwa
Habari zenu ndugu. Niko Mbeya, nina miaka 34. Mwezi wa sita, baridi ikiwa imepamba moto, nilikuwa nafumuliwa rasta saluni, msusi akanyamaza ghafla. Kisha akasema, "Dada, huku nyuma pana uwazi." Baka la mviringo, laini kama kiganja, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Haliwashi wala halina magamba. Sasa yamekuwa matatu.

Shangazi anasema kuna mtu kachukua nywele zangu. Jirani anasema mapunye. Daktari wa ngozi amesema ni alopesia areata, yaani kinga ya mwili wangu mwenyewe inashambulia nywele. Amenipa nafasi ya kuchagua: sindano za kichwani, krimu ya kupaka, au nisubiri miezi mitatu tuone. Mimi moyo wangu uko kwenye dawa za asili. Mliopitia haya, mlichagua nini na kiliwafikisha wapi? Niambieni ukweli hata kama hakikusaidia.

Tabibu_Makambako
Pole sana dada. Mimi ni afisa tabibu. Kwa maelezo yako daktari amekuambia sawa. Mapunye ni fangasi, huwapata zaidi watoto, huacha magamba na nywele zilizokatika, na hutibiwa kwa vidonge kama griseofulvini. Hili ni jambo jingine. Chembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kupambana na vijidudu, zinauzingira mzizi wa nywele kana kwamba ni adui. Nywele inadondoka, lakini kitundu chake hakifi. Ndiyo maana zinaweza kuota tena, hata baada ya miaka.

Mwombe mtu akuangalie pembezoni mwa mabaka. Akiona vinywele vifupi, vyembamba chini na vinene juu, ujue ugonjwa bado unatembea. Tazama na kucha zako kama zina vishimo vidogo vidogo. Omba pia upimwe tezi ya shingo, kwa sababu magonjwa haya ya kinga hupenda kuandamana, na upimwe kaswende, maana nayo huweza kunyofoa nywele kwa mabaka.

Sasa kwenye kuchagua. Watu wenye mabaka machache, karibu nusu yao nywele huota zenyewe ndani ya mwaka mmoja bila dawa yoyote. Hilo liweke kichwani kila unaposoma ushuhuda wa mafuta fulani. Wengi wanaosema "yaliniponya" hawasemi uongo, ila nywele zingeota hata wangepaka maji ya bomba. Kwa mtu mzima mwenye mabaka matatu, mimi ningeanza na sindano. Ni triamsinoloni, dawa ya kutuliza kinga, inachomwa juujuu ndani ya baka lenyewe, inarudiwa kila wiki 4 hadi 6. Inauma, na ngozi inaweza kubonyea kidogo pale ilipochomwa, ingawa mara nyingi hurudi. Krimu kali ya klobetasoli haiumi lakini ni dhaifu kuliko sindano. Minoksidili, dawa nyingine ya kupaka, inasukuma nywele kukua, ila vita ya kinga yenyewe haiizuii.

MkulimaRuahaMbuyuni
Kamwene dada. Mimi nalima vitunguu, kwa hiyo unaweza kudhani navutia kwangu, lakini nilivitumia kichwani kweli. Nilikuwa na mabaka mawili. Nilisaga kitunguu maji kibichi, nikachuja, nikapaka asubuhi na jioni kwa miezi miwili. Nywele zilianza kutoka wiki ya tano. Mke wangu alivumilia harufu, Mungu ambariki.

Binti yangu aliniletea utafiti wa madaktari wa ngozi wa Iraki, wa mwaka 2002. Watu 23 walipaka maji ya kitunguu mara mbili kwa siku, wengine 15 wakapaka maji ya kawaida. Kufika wiki ya 6, watu 20 wa kitunguu walikuwa wameota nywele. Wa maji walikuwa 2 tu.

Tabibu_Makambako
Utafiti huo upo, mzee wangu, na ndio unaonifanya nisikikatae kitunguu. Lakini ni watu wachache mno, na harufu ile haifichiki: kila mtu alijua amepaka nini. Upo na mwingine wa Aberdeen, Uskoti, wa mwaka 1998. Watu walisugua kichwa kila siku kwa miezi 7 kwa mafuta ya rozmari, lavenda, taimu na mwerezi. Waliopata nafuu walikuwa 44 katika kila 100, wakati waliopaka mafuta matupu ni 15. Kuhusu mafuta ya nyonyo, habat soda na parachichi, yanalainisha ngozi vizuri. Kwamba yanatuliza kinga, sijaona ushahidi wake.

Kijana_Tukuyu
Naomba nitoe tahadhari. Mimi lilinitokea kwenye ndevu. Niliambiwa kitunguu swaumu kina nguvu zaidi, nikatwanga, nikabandika usiku kucha na kufunika na plastiki. Asubuhi nilikuwa na malengelenge, na alama ninayo hadi leo. Tafadhali dada, usifanye hivyo. Baadaye nilichomwa sindano mara mbili, ndevu zikarudi. Zilianza nyeupe kama za babu, nikaogopa, kumbe ni kawaida, rangi hufuata baadaye.

MamaMafinga
Mwanangu, mimi nina miaka 51 na nilipoteza zote: kichwa, nyusi, kope. Nilijaribu kila kitu kilichotajwa hapa. Nasema hili kwa upole, kwa sababu kuna msomaji aliyefika huku kama mimi: zikishaondoka zote, kitunguu hakitoshi, wala wewe hukukosea popote. Huko nje kuna vidonge vinavyozuia ishara za kinga ndani ya mwili. Barisitinibu iliidhinishwa Marekani mwaka 2022 kwa ajili ya ugonjwa huu, kwa watu wazima waliofikia hali kali. Hupunguza kinga, kwa hiyo lazima kwanza upimwe kifua kikuu, na wengi wakiacha, nywele huanguka tena. Ni mazungumzo ya wewe na bingwa wa ngozi, si ya duka la dawa.

Mambo ya asili yaliyonifaa mimi ni haya: kulala, kupunguza mawazo, na kula vizuri, maharage, mboga, mayai, dagaa. Sikuota nywele kwa hayo, ila mwili ulipata nguvu. Bila kope vumbi la Mafinga linaingia machoni moja kwa moja, kwa hiyo navaa miwani. Baridi ya Julai inakata utosi, kwa hiyo nina kofia ya sufu ya kulalia. Na jua letu la milimani ni kali hata siku ya baridi, usitoke utosi wazi. La shangazi wa kuchukuliwa nywele, msamehe, lakini usilibebe. Mimi liligombanisha ukoo wangu miaka minne.

DadaMwanjelwa
Shikamoo mama. Nimelia nikisoma. Ndaga fijo nyote.

Nimeamua hivi: mabaka mawili ya nyuma yanachomwa sindano, lile la juu ya sikio napaka kitunguu maji, dakika chache kisha naosha. Daktari amekubali, ameniambia nikiona wekundu niache. Nitapiga picha kila Jumapili.

DadaMwanjelwa (wiki 11 baadaye)
Mrejesho. Tezi iko sawa, kaswende hakuna. Mabaka ya sindano yalianza kuota wiki ya 5, sasa nywele zimefika urefu wa kucha, nyeupe nusu, nyeusi nusu. La kitunguu lilianza wiki ya 8. Kama ni kitunguu au lingeota lenyewe, siwezi kuapa. Kucha moja imeanza vishimo, kwa hiyo najua halijaisha.

Jana nimerudi kwa msusi yuleyule. Amenisuka twende kilioni, kwa mkono mlegevu, na pale nyuma amepaacha wazi.