Bunju na fira: kwa nini neostigmini ifae huku, isifae kule?

tabibu_zamu (Wete)

Assalaam alaykum. Nina suali kwa wanaojua mambo ya neva na misuli. Aliyekula samaki bunju na aliyeumwa na nyoka fira wote ulimi huwa mzito, viungo hulegea, kisha pumzi hukatika. Kwa fira tunafundishwa kujaribu dawa ya neostigmini, kwa bunju hapana. Kwa nini? Na kweli bunju akichemshwa sana sumu huondoka?

neva_misuli

Wa alaykum salaam. Tazama sumu imekaa wapi. Amri ya kuinua mkono huteremka kwenye neva kama umeme, na umeme huo husogea kwa sababu sodiamu inaingia kupitia vijimlango vilivyopangana njia nzima. Ukifika mwisho wa neva, kalsiamu huingia, vifuko vikamwaga asetilikolini, kemikali inayopeleka amri kwenye msuli, nayo ikavuka kiufa chembamba na kukaa kwenye vipokezi vya msuli. Msuli hukaza. Papo hapo kimeng'enya huifagia ile asetilikolini ili msuli ulegee.

Tetrodotoksini, yaani sumu ya bunju, huziba mlango wa sodiamu kwa upande wa nje, kama kizibo kwenye mdomo wa chupa. Mtafiti Narahashi na wenzake walionyesha mwaka 1964, kwa neva ya kambakoche, kwamba ni njia ya sodiamu inayozibwa. Umeme haufiki, asetilikolini haimwagwi. Neostigmini kazi yake ni kumzuia mfagiaji, yaani kile kimeng'enya. Sasa kama hakuna kilichomwagika, atazuiwa asifagie nini?

Sumu ya fira inayolegeza haigusi neva. Imekalia kipokezi upande wa msuli. Asetilikolini inamwagwa kama kawaida, inakuta kiti kina mtu. Neostigmini ikimzuia mfagiaji, asetilikolini hurundikana, hupata viti vichache, na kope zilizolegea huinuka kidogo.

Kwa hiyo uliza ganzi. Bunju huziba na neva za hisia, ndiyo maana midomo na ulimi hufa ganzi mwanzo, mara nyingi ndani ya dakika 10 hadi 45, halafu ncha za vidole. Fira kwa kawaida hana ganzi hiyo ya mdomo.

chumba_cha_dharura

Naongeza la kipimo cha neostigmini kwa aliyeumwa na fira, maana hapo ndipo watu wanapoharibu. Atropini (ya kuzuia moyo usizoroteshwe na neostigmini) 0.6 mg kwenye mshipa kwanza, kisha neostigmini 0.02 mg kwa kila kilo, kwenye msuli. Mtu mzima wa kilo 60 ni 1.2 mg. Soma ampuli! Ziko za 0.5 mg kwa mililita na za 2.5 mg kwa mililita. Ya kwanza utavuta 2.4 ml, ya pili 0.48 ml. Ukikosea ukavuta 2.4 ml za ile ya pili, umempa mara tano. Tazama kope baada ya nusu saa hadi saa moja. Hakuna mabadiliko, usirudie. Na hiyo si badala ya dawa ya kupinga sumu ya nyoka.

Nyoka wa kijani wa mitini, Dendroaspis angusticeps, ni mambo mengine kabisa: sumu yake yenyewe humzuia mfagiaji na kuzidisha asetilikolini, misuli ikachezacheza. Neostigmini hapo ni kumwagia moto mafuta.

Kwa bunju hakuna dawa ya kuipinga sumu. Kuna ambubegi, mfuko wa kumpumulisha mtu kwa mkono. Bana kila sekunde 5 au 6, kiasi cha kifua kuinuka tu. Ukikamua kwa nguvu hewa huenda tumboni, anatapika, na yanaingia mapafuni. Usingojee kipimo cha oksijeni kishuke, maana hushuka mwishoni. Mwambie ahesabu kwa sauti kwa pumzi moja, kila dakika chache. Alikuwa anafika 20, sasa anakatikia 8? Tayarisha mpira wa kooni.

Jambo jingine: mboni zinaweza kutanuka na zisiitikie tochi, mwili haujongei, lakini anakusikia. Ongea naye, mpe dawa ya usingizi, na asitokee mtu wa kusema "keshakufa" huku moyo unapiga. Mlango wa sodiamu wa moyo hauzibiki kirahisi na sumu hii, ndiyo maana akipumulishwa mara nyingi anavuka. Akimaliza saa 24, matumaini ni makubwa.

dema_na_nyavu (Mkoani)

La kuchemsha: sumu haiondoki. Sumu hii haivunjiki kwa moto wa jikoni. Tena huyeyuka majini, kwa hiyo mchuzi nao una sumu. Ini na mayai ndiyo mabaya zaidi, kisha utumbo na ngozi. Wengine husema minofu mieupe haina neno. Inategemea aina ya bunju, na kisu kilichopasua ini ndicho kinachokata mnofu. Akiingia demani, mrudishe baharini.

Na tui la nazi au maziwa kwa aliyekwisha kufa ganzi ulimi, jamani, msimpe. Koo limelegea, kinywaji kitapita njia ya pumzi. Mlazeni ubavu botini, kichwa kikiwa chini kidogo, na mje na mabaki ya samaki.

tabibu_zamu

Shukran sana. Kumbe la ganzi ndilo la kuuliza mwanzo. Na wanaookota kombe za umbo la koni wakachomwa?

neva_misuli

Kombe hizo zina mchanganyiko: sumu moja huziba mlango wa kalsiamu mwishoni mwa neva, nyingine mlango wa sodiamu wa msuli, nyingine hukalia kipokezi. Neostigmini usiitegemee. Ambubegi ile ile.