Watafiti wakija Lamu: mhadhara wa bure ni deni au ni hisani?

Nahodha wa Langoni

Asalaam aleikum jamaa. Naleta hoja hii ili anayeipinga aipinge.

Miaka kadhaa nyuma nilibeba watafiti wa chuo kikuu kimoja kwa boti yangu mpaka ndani ya mikoko. Tulishinda huko siku kumi na moja. Niliwashikia kamba za kupimia, na mzee wangu, mkataji wa tangu ujana, akawafunza kutambua miti kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Waliandika kila kitu. Waliondoka kwa adabu na kwa ahadi ya kurudi kutueleza walichokipata.

Hawakurudi. Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji miti msituni nchi nzima, wakataji wa Lamu walikaa bila kazi, nao mzee akaniuliza, "Wale waloandika wamesemaje? Mikoko yaisha au haiishi?" Sikuwa na jibu. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kaunti hii, na mtu aliyezeekea ndani yake hana pa kwenda kuuliza hali yake.

Hoja yangu ni hii: chuo kikuu chochote kinachofanya utafiti hapa kitoe mhadhara hapa hapa, bure, kwa Kiswahili, mlango wazi kwa mvuvi na mchuuzi. NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ndiyo inayotoa kibali cha utafiti, basi iliweke hilo liwe sharti.

Na si mikoko tu. Machi 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya pwani na mji mmoja wa bara. Manda imo, na Faza ya kisiwani Pate imo. Walichokiona ni kwamba wengi wa watu wale walichanganya nasaba mbili, ya Afrika hasa kwa upande wa mama na ya Asia, zaidi Uajemi, kwa upande wa baba, na kwamba mchanganyiko huo ulianza karibu mwaka 1000. Kwetu hilo si jambo dogo, asili ya mtu hapa imewahi kuvunja hata posa. Lakini lilitufikia vipi? Vipande vipande kwenye simu. Baraza moja likashangilia kuwa "tumethibitishwa Waajemi", baraza la pili likashangilia kuwa "tumethibitishwa Waafrika", na katika wote niliowauliza hakuna aliyeusoma utafiti wenyewe.

Mahali papo. Ngome yetu ilikuwa jela mpaka 1984, leo watu hukutana humo, na nje yake pana uwanja wa Mkunguni. Desturi nayo ipo: darsa za msikiti wa Riyadha zina zaidi ya miaka mia na hakuna anayeulizwa cheti mlangoni. Hata Uingereza, Gresham College ya London inatoa mihadhara ya bure tangu 1597, na hapo mwanzo somo lilisomwa mara mbili, kwa Kilatini kwa ajili ya wasomi, kisha kwa Kiingereza ili watu wa mji nao waelewe. Sisi tunaomba hiyo mara ya pili tu.

Mhadhiri, Kilifi

Nahodha, waleikum salaam. Nafundisha chuo kikuu na nimefanya utafiti pwani hii. Yaliyokupata yananiuma, maana huenda hata mimi nimemfanyia mtu vivyo hivyo. Lakini sharti la kibali nalipinga.

Kwanza, matokeo huchelewa. Unapima mwaka huu, unachapisha baada ya miaka miwili au mitatu, na fedha za mradi zimeshafungwa. Nani atalipa safari? Neno "bure" maana yake ni kwamba kuna mwingine aliyelipa. Pili, wengi wanaokuja kwenu si miradi mikubwa. Ni wanafunzi wa shahada ya uzamili wanaojilipia wenyewe, wanaolala vyumba vya bei nafuu na kula mkate na chai. Ukiongeza sharti, huyo ndiye utakayemvunja mgongo. Mwenye fedha za wafadhili atalitimiza siku moja na kwenda zake.

Na atalitimiza vipi? Hili ndilo linalonitia hofu zaidi. Nimeona vikao vya kulazimishwa: karatasi ya mahudhurio, soda, picha ya pamoja, ripoti imejaa. Mtu aliyekuja kwa lazima hasikilizi maswali, anaangalia saa. Mimi ningependa vyuo vilihesabu jambo hili wakati wa kumpandisha mhadhiri cheo, kama vinavyohesabu makala. Hapo watu watakuja wenyewe, na watajiandaa.

Kijana wa Mkomani

Mbona tunajisumbua? Wajirekodi, waweke kwenye simu, kila mtu asikilize akiwa kwao.

Mama wa Faza

Nyote mnazungumza habari za Amu mui, mji wa Lamu wenyewe. Mifupa iliyotajwa hapo juu ni ya kwetu, halafu mhadhara uwe Ngome?

Anayetoka Pate kuja huko anapita Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari, na Mkanda unapitika vizuri maji yakijaa. Mhadhara ukiwa baada ya Isha, nitarudi kwa chombo gani? Nilale kwa nani, na watoto niwaache na nani? Nauli ya kwenda na kurudi ni fedha ya unga. Kwangu huo si mhadhara wa bure.

Kisha mtuambie wanawake watakaa wapi, na kama tutapewa nafasi ya kuuliza au tutakuwa nyuma ya pazia tukisikia kikohozi cha kipaza sauti. Nina swali langu kuhusu hao mama wa Kiafrika wa mwaka 1000 na nataka kuliuliza kwa mdomo wangu.

Nahodha wa Langoni

Mama wa Faza, umenishinda, na nashukuru. Mhadhara uende pale utafiti ulipofanyika. Ulichimba Faza, zungumza Faza, mchana, maji yakiwa yanaruhusu.

Kijana wangu, rekodi ni nzuri kwa aliyekosa kufika, lakini haiulizwi swali. Juni 2019 leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe hapa Lamu ilifutwa, na sababu mojawapo ni kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tulifika pale kwa sababu watu walisimama wakauliza, uso kwa uso.

Mwalimu, mwanafunzi anayejilipia namwondoa kwenye hoja yangu. Yeye aje barazani tumpe kahawa, inatosha. Lakini mradi wenye mfadhili, hapo siregezi. Gharama ya siku hiyo iandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo, kama wanavyoandika mafuta ya boti yangu. Na wasingoje kuchapisha. Waseme walichokiona hadi siku ile, hata kama hakijakamilika, maana mvuvi naye hungoja upepo bila kujua utageuka lini, kuzungumza na asiye na uhakika si kugeni kwake. Cheo unachokitaja ni wazo zuri, nalichukua pamoja na sharti, si badala yake.

Na asiniambie mtu kuwa lugha haitoshi. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi na mtaalamu wa Kiswahili, mtu wa Lamu hii, ndiye aliyetupa "runinga" na "tarakilishi". Mtafiti akikosa neno, alieleze jambo lenyewe, wazee watamtafutia jina.

Mhadhiri, Kilifi

Juu ya sharti bado hatujakubaliana, nahodha. Mimi si mtu wa mikoko, somo langu ni samaki, na nina vipimo vya misimu miwili ambavyo sijavichapisha. Nitavileta Faza kwa nauli yangu. Mama, nitajie siku ambayo maji yanajaa asubuhi, na unitafutie ukumbi wenye milango miwili.

Mama wa Faza

Milango si shida. Siku nitakutajia mwezi ukiandama.