Hivi Wajerumani wamemezwa na Marekani au ni macho yangu?

mgeni_mannheim: Wakuu habari. Nipo huku Mannheim, Ujerumani, kimasomo, kinachonishangaza ni hawa vijana, muziki wa Kimarekani, muvi za Kimarekani, Oktoba ikiisha watoto wanagonga milango na vinyago vya Halloween wanaomba pipi, hapo jinzi na baga sijagusa. Mliokaa huku miaka mingi nielewesheni, ni Vita vya Pili vya Dunia au nini?

Babu Kassel: Vita ni sehemu kubwa mkuu. 1945 Mmarekani alishika kusini, Bavaria, Hesse mpaka huko uliko, na majeshi yake yapo mpaka leo pale kambi ya Ramstein. Walikuja na redio yao AFN, ilikuwa ya askari ila vijana wa Kijerumani wakawa wanaitegea wapate jazi na rokenrol. Elvis Presley mwenyewe, yule mwimbaji wa rokenrol, kaishi mji wa Bad Nauheim akiwa jeshini, wazazi walichukia balaa. Halafu 1948 Warusi wamefunga njia za Berlin Magharibi, ndege za Marekani na Uingereza zikalisha mji karibu mwaka mzima, sasa aliyekulisha una njaa utamwita mvamizi tu?

Dada wa Neckar: Mimi hilo la kumezwa nakataa kabisa. Panda treni hapo jirani Heidelberg, ndiko yalikuwa makao makuu ya jeshi la Marekani Ulaya, na hip hop ilishika sana huko. Kundi la Advanced Chemistry, mmoja ana asili ya Haiti, mwingine Ghana, mwingine Italia, 1992 wakatoa wimbo Fremd im eigenen Land (mgeni katika nchi yako mwenyewe), wanarap Kijerumani kitupu kwamba sisi ni raia wa hapa ila kila siku tunaulizwa tutarudi lini kwetu. Na ni mwaka uleule wahuni walichoma makazi ya wageni mji wa Rostock huku majirani wanashangilia!! Yaani mtindo umetoka Marekani lakini ugomvi ni wa Kijerumani kabisa, nani Mjerumani na nani siye. Sisi wenye watoto weusi waliozaliwa huku tunaujua vizuri.

leipzig_yetu: Dada umesema kweli. Ujerumani Mashariki ya kikomunisti nako 1985 serikali iliruhusu Beat Street, muvi ya Kimarekani ya hip hop, kwenye sinema ikidhani watu wataona mateso ya ubepari, vijana wakaona breki dansi, wakaanza kuzungukia vichwa barabarani. Serikali ikabidi iwape vibali vya kucheza majukwaani ili iwadhibiti.

mgeni_mannheim: Dada asante sana, huo wimbo nautafuta usiku huu huu.