Darasa la jioni la okestra, Lamu: tuanze na kazi gani wasikilizaji wasipotee?

Langoni_Jioni
Assalaam aleikum wadau. Twaanzisha darasa la kusikiliza muziki wa okestra hapa Lamu mjini: watu wazima 12, kila Jumatano baada ya Isha, saa mbili na nusu hadi saa nne kasorobo, wiki 8. Hakuna kupiga ala, ni kusikiliza tu. Wengi wamekulia kwenye taarabu. Kwenye jaribio tuliweka simfoni (kazi ndefu ya okestra yenye sehemu kadhaa) nzima ya dakika 40, na dakika ya kumi watu washaingia kwenye simu. Tuanze na nini? Chumba ni cha nyumba ya mawe ya kizamani, spika ni moja ndogo ya bluetooth.

Fidla_na_Sello
Waaleikum salaam. Msikilizaji wa taarabu hashindwi na urefu. Anapotea kwa kuwa anamngoja mwimbaji, na mwimbaji haji. Kwenye taarabu fidla, udi na ganuni huandamana kwenye wimbo mmoja, kila ala ikiutia madoido yake, na shairi ndilo lenye usukani. Kwenye okestra wimbo, yaani melodia, unahama. Filimbi inauanza, sello (fidla kubwa ya sauti nzito) inaupokea, na wakati huohuo ala nyingine zinasema jambo jingine kabisa. Wiki mbili za kwanza wafundisheni kitu kimoja: wimbo uko kwa nani sasa hivi?

Kwa hilo sijaona kazi inayoishinda Boléro ya mtunzi Mfaransa Ravel (1928), dakika 15 hivi. Ngoma ndogo inapiga mdundo uleule mwanzo hadi mwisho, nyimbo ni mbili tu, anayebadilika ni mpigaji. Filimbi, kisha klarineti, kisha fagoti (ala ndefu ya mbao ya sauti nzito) ikiwa juu kabisa ya sauti yake, mahali ambapo wengi hukosea kuitambua. Fidla zikiingia, kwanza zinadonolewa kwa vidole. Kuupiga wimbo wenyewe kwa upinde ni mpaka safari imekwenda mbali.

Wekeni mara tatu jioni hiyohiyo. Ya kwanza yote, bila maelezo. Ya pili simamisha kila wimbo unapopokewa, uliza ni ala gani, waacheni wabishane. Ya tatu yote tena, macho yamefumbwa, mkono juu kila mpigaji akibadilika. Maisha ya mtunzi yasubiri. Ukianza na tarehe zake, watasikiliza tarehe.

Zumari_Mkomani
Nakubaliana, ila tumieni ala za kwetu kama ngazi. Zumari na obo ya okestra ni ukoo mmoja: zote sauti inatoka kwenye ulimi wa vipande viwili vinavyotetemeka. Mpiga zumari huutia ulimi wote kinywani. Mpiga obo huubana kwa midomo, ndipo anapoweza kuilainisha sauti. Wasikilizeni wote wawili, mmoja baada ya mwingine.

Na siwa (baragumu kubwa) ya shaba iliyoko makumbusho yetu inafungua mlango wa simfoni ya 5 ya Beethoven (1808). Siwa haina tundu za vidole wala vali (vitufe vya kubadilisha noti), na honi za okestra, baragumu za bomba lililozungushwa, za wakati wa Beethoven zilikuwa vivyo hivyo: noti chache za asili tu. Kwenye sehemu ya kwanza, ule mwito unaotangulia wimbo wa pili unapigwa na honi. Unaporudi baadaye umehamia ufunguo (ngazi ya noti) mwingine, honi zile haziwezi kuufikia, Beethoven akawapa mafagoti. Waongozaji wengine leo huurudisha kwa honi, kwa hiyo hakiki rekodi yako kwanza. Muda mfupi kabla ya mwito huo kurudi okestra nzima inanyamaza, obo moja inabaki peke yake. Sehemu ya kwanza yote haifiki dakika 8. Wiki ya tatu na ya nne zinatosha.

Spika_za_Shughuli
Spika ndogo itawaharibia darasa. Uzi mnene wa besi kubwa, ile fidla kubwa kuliko zote, unatetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na spika ya ukubwa wa kopo haiufikii. Azimeni mbili kubwa za harusini, mtumie waya. Vyumba vya kizamani ni vyembamba kwa sababu ya urefu wa boriti, kwa hiyo ziwekeni upande mfupi, zitazame urefu wa chumba. Tandikeni mikeka, tundikeni busati kwenye ukuta mtupu. Ukuta wa zidaka uacheni, vile vijumba vinaitawanya sauti vizuri.

Boléro inaanza kwa mnong'ono, na hapo ndipo watu huongeza sauti, kisha mwisho unawapasua masikio. Chezeni kwanza dakika ya mwisho, pangeni sauti kwa hiyo, msiiguse tena. Zimeni kwenye simu setingi ya kusawazisha sauti, na pakueni rekodi mapema ili tangazo lisikate katikati.

Langoni_Jioni
Ahsanteni sana. Moja tu: kwenye hiyo ya Beethoven, baada ya dakika moja na nusu hivi muziki ulianza upya. Faili mbovu?

Zumari_Mkomani
Si mbovu. Mtunzi ameandika fungu la kwanza lirudiwe, ulizoee kabla hajalivunjavunja. Waambieni mapema. Na mkifika simfoni nzima, msisimamishe kati ya sehemu ya tatu na ya nne, zimeunganishwa; trombone (tarumbeta za bomba la kuvutwa) zilizokaa kimya tangu mwanzo zinaingia hapo hapo.