Wadau wa Nairobi, mkitaka kununua vyakula huko mashambani mnaenda soko gani?

Mkaazi wa Kasarani:
Habari zenu. Naomba ushauri kwa wale wamezoea kutoka nje ya mji. Sisi mboga zetu zote ni supamaketi ama mama mboga wa hapa kwa geti, sasa juzi tukitoka Naivasha na barabara ya juu bibi yangu akataka tusimame Soko Mjinga achukue kabeji, tukajikuta tumekaa hapo hadi jua likaanza kushuka. Wale akina mama wanakuambia karoti imetoka upande gani, imeng'olewa lini, upike aje. Minji (njegere) ilikuwa bado na maganda, watoto waliimenya kwa gari wakaila mbichi ikaisha kabla tufike Limuru, na hawa ni watoto ambao minji huwa wanaitoa kwa sahani.

Sasa nauliza, kuna masoko gani mengine mtu anaweza enda asubuhi na arudi jioni? Wakiona umetoka Nairobi na gari si watakupandishia bei? Na ukihesabu mafuta kweli inalipa?

Wa Njabini:
Hapo umefika kwetu kabisa, karibu tena. Nianze na mafuta. Ukienda tu sababu ya bei haitalipa, debe moja ya waru (viazi) haiwezi kurudisha pesa ya kwenda na kurudi. Inalipa kama ulikuwa unapita huko hata hivyo, umetoka Nakuru ama umeenda matanga, ama mkijipanga na majirani mnunue gunia mgawane. Faida yenyewe ni kupata kitu kabla hakijazungushwa, maana kiazi cha huku kwetu Kinangop kinachukuliwa shambani na dalali, kinapandishwa lori usiku, kinashushwa Marikiti, lile soko kubwa la Nairobi, mama mboga anakinunua tena, wewe ukikipata kimegongwagongwa na kimekaa jua.

Ukifika chukua kiazi kimoja ukisugue na kidole gumba. Ngozi ikitoka kwa urahisi hicho kimechimbwa kabla hakijakomaa, ni kitamu lakini ukile wiki hiyo hiyo, usiweke. Ngozi ikikataa kutoka, beba hata gunia. Uliza pia ni aina gani, wengi watakuambia Shangi, inaiva haraka na kwa mukimo ni nzuri sana ila inaota macho upesi kwa hivyo usijaze stoo, na chenye kimeanza kuwa kijani achana nacho. Gunia nalo kisheria halifai kupita kilo 50. Yale yanaongezwa kilemba cha kufumwa juu ili yabebe zaidi yanaumiza mkulima, tafadhali usiitishe hayo hata kama dalali anakuambia ndio bei nzuri.

Bei wataongeza kidogo ukinunua ukiwa umekaa ndani ya gari. Shuka, salimia watu, ingia hadi ndani ya soko, uliza watu kadhaa, utaona inashuka. Na usikamue mtu sana, mama akiridhika anakutupia karoti kadhaa juu ya mfuko bila kuombwa.

Mama wa Umoja:
Beba kiondo ama magunia yako, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017 na huko wengi hawana kitu cha kukufungia. Pia masoko mengi ya mashambani yana siku zake, ukienda siku ingine unapata meza tupu. Piga simu kwa mtu anatoka huko kabla hujawasha gari.

Mpenda Pishori:
Mimi kwa mchele nitasema Mwea na sitachoka kusema. Unashika Thika Road, ukifika Makutano unaingia ya Embu hadi Ngurubani, ni kama kilomita 100 hivi. Usinunue tu kwa mifuko inapungwa barabarani, ingia kwenye vinu vyenyewe uone mpunga ukimwagwa kwa mashine, makapi yanapulizwa huko nyuma na mchele unatoka bado una joto. Chota mkononi, pulizia pumzi kidogo halafu unuse. Pishori ya ukweli, ile Basmati 370, inanukia hata kabla ya kupikwa, na ile imechanganywa na mchele mwingine harufu yake ni hafifu na punje hazifanani. Msimu mkubwa wa kuvuna ni Novemba na Desemba hivi. Mchele mpya unataka maji kidogo kuliko ule umekaa, usipopunguza utapata uji, waulize hapo hapo kwa kinu watakuelekeza vizuri.

Mkamba wa South B:
Na msimu wa maembe msisahau kwetu jameni, barabara ya Machakos kwenda Wote kuanzia Desemba. Muuzaji anakukatia kipande uonje kwanza, Apple, Kent, Ngowe, unachagua ile umependa. Embe limeiva kwa mti halina haja ya kabaidi, ile kemikali ya kuivisha matunda, utajua tu ukilinusa pale kwa kikonyo.

Mkaazi wa Kasarani:
Asanteni sana, nimeandika yote. Mwea ndio tutaanza nayo, majirani tayari wamekubali tugawane. Swali la mwisho, kwa vinu wanauza kidogo kidogo ama lazima mtu achukue gunia?

Mpenda Pishori:
Hata kilo mbili unapimiwa. Lakini kama mko wengi chukueni gunia mzima halafu mwitishe bei ya pamoja, na mfike asubuhi kabla malori hayajaanza kupanga foleni.