YAH: Mustang GT ya mwaka 2015 inayouzwa Houston, majibu ya maswali yenu

Ndugu zangu wanajumuiya,

Nawashukuru wote mlioniandikia tangu nitangaze kwamba ninauza gari langu. Kwa kuwa maswali mengi yanafanana, na kwa kuwa wengine mko tayari kulipa kwa sababu tu mnanifahamu, nimeona heri niwajibu nyote kwa pamoja na kwa kirefu. Kufahamiana kwetu kusiwe badala ya ukaguzi. Likagueni gari hili kana kwamba muuzaji ni mtu msiyemjua kabisa, nami sitachukia hata kidogo.

Kwa aliyekosa tangazo la kwanza, gari ni Ford Mustang GT toleo la 2015, rangi nyeusi, injini ya V8 ya lita 5.0 yenye nguvu za farasi 435, gia sita za mkono, na limetembea maili 91,000. Ninaliuza dola 18,500. Namba ya chesi, yenye herufi na tarakimu 17, mtaiona chini ya kioo cha mbele upande wa dereva na tena kwenye kibandiko cha mlangoni. Hakikisheni zinalingana zenyewe kwa zenyewe na zinalingana na hati ya umiliki, na kwamba alama ya kumi ni F, ambayo ndiyo ya magari ya toleo la 2015.

Swali lililoulizwa na wengi ni la mafuriko, na mna haki ya kuliuliza. Kimbunga Harvey cha Agosti 2017 kilizamisha magari mengi mno katika mji huu, na gari lililozama huweza kukaushwa, kusafishwa na kuuzwa mbali kwa mtu asiyejua lilikotoka. Wakati huo gari hili lilikuwa Arizona kwa mmiliki wa kwanza, na ripoti ya historia inaonyesha hivyo, lakini ripoti huonyesha kile tu kilichoripotiwa. Kwa hiyo njooni na tochi. Vuteni mikanda ya usalama hadi mwisho wake mtazame kama kuna mstari wa tope pale ambapo mkono wa msafishaji haufiki. Inueni zulia, angalieni kama bolti zinazoshika viti zina kutu, na funueni sehemu ya tairi la akiba kwenye buti. Taa nazo zitazameni kwa ndani, kwa sababu maji yaliyowahi kuingia huacha ukungu au doa.

Mmoja wenu ameniambia atakuja na sumaku ili ajue kama bodi imejazwa puti, ile lipu ya kuficha mibonyeo ambayo sumaku haiishiki. Ni wazo jema, ila ajue mapema kwamba boneti na madigadi ya mbele ya toleo hili ni ya alumini, hivyo sumaku haitashika pale hata kama gari halijawahi kuguswa na fundi wa rangi. Aipime kwenye milango. Na kwenye boneti hiyohiyo, ukingoni mbele kabisa, mtaona malengelenge madogo ya rangi, yakianzia pale bati lilipokunjwa. Hayo hayatokani na ajali. Ni kutu ya alumini inayofanya kazi chini ya rangi, na hali hiyo inajulikana kwenye boneti za Ford za aina hii. Itaendelea polepole, na atakayetaka iishe atalazimika kupaka boneti rangi upya.

Kasoro nyingine ni hizi. Klachi ni ileile iliyotoka kiwandani na sasa inashikia juu karibu na mwisho wa pedali, maana yake imebakiwa na maisha mafupi; fundi wangu alinikadiria dola 1,600 kuibadilisha, na bei niliyotaja imeshapunguzwa kwa sababu hiyo. Gia ya pili huwa ngumu kuingia asubuhi yenye baridi hadi oili ya giaboksi ipate joto. Rimu ya mbele kulia imechunika. Matairi ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele, 275 kwa 255, kwa hiyo hayawezi kubadilishana nafasi na ya mbele, na kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, hayo ya nyuma ndiyo yatakayokwisha upesi. Mkija, nitawaachia injini ikiwa imepoa. Gusa boneti kwanza, kisha uwashe mwenyewe usikilize. Ukitaka kulipeleka kwa fundi unayemwamini, nitakuja nalo hapo hapo alipo, gharama ya ukaguzi ikiwa yako.

Msitegemee kwamba serikali imeshalikagua. Tangu tarehe 1 Januari 2025 jimbo la Texas limeondoa ukaguzi wa usalama wa kila mwaka kwa magari binafsi, na kilichobaki hapa kwetu kaunti ya Harris ni kipimo cha moshi, ambacho hakisemi lolote kuhusu breki wala usukani. Kuhusu matengenezo ambayo mtengenezaji ameagiza yafanywe bure, ingizeni namba ya chesi kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya Marekani ya usalama barabarani. Kwa anayelinganisha gari hili na Mustang za zamani kidogo, hapo pana jambo zito: za 2005 hadi 2014 zimo katika agizo la kubadilisha mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata, ile inayoweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Usilinunue lolote kati ya hayo bila kuthibitisha kwamba mfuko umebadilishwa.

Mzazi mmoja anataka kumnunulia mwanawe wa miaka 19. Mzee wangu, naomba upige simu kwa kampuni ya bima kabla ya kuja kuliona, uwatajie umri wa kijana na namba ya chesi, kwa sababu kiasi watakachokutajia kwa mwaka kinaweza kukubadilisha nia. Na hata bima ikiwezekana, nguvu 435 katika mvua ya Houston si za mtu anayejifunza. Ningefurahi zaidi kulikabidhi kwa dereva aliyezoea.

Aliyeuliza kuhusu kulisafirisha Mombasa asijisumbue. Kenya haipokei gari la kawaida lenye usukani wa kushoto, wala lililozidi miaka minane. Kwa Kongo, Burundi na Rwanda, ambako watu huendesha upande wa kulia, usukani si kikwazo, lakini vipuri vyake na kukaa kwake chini karibu na ardhi vitakusumbua.

Nimeombwa pia niandike bei ya chini kwenye fomu ya 130-U, ile ya kuhamishia umiliki wa gari, ili kodi ipungue. Sitafanya hivyo, na wala haitamsaidia mwombaji, kwani Texas hutoza asilimia 6.25 ya bei mliyokubaliana au ya asilimia 80 ya thamani wanayoikadiria wao, ile iliyo kubwa. Malipo ya kidogo kidogo pia siyawezi, maana hati ikiwa kwa jina langu na gari likiwa barabarani kwako, ajali moja itatuingiza wote wawili matatani. Mkopo nimeshaumaliza na hati ninayo mkononi. Tutakutana kwenye tawi la benki yako, hundi itolewe na karani mbele yetu, kisha tuongozane hadi ofisi ya kodi ya kaunti tubadilishe jina siku hiyohiyo. Kibati changu cha namba nitakifungua mwenyewe, na wewe uje ukiwa umeshakata bima.

Kuangalia gari ni Jumamosi na Jumapili, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Atakayetaka kuliendesha aje na leseni halali.