Neno "funky": ni sifa au ni uvundo?

Ndugu wanajumuiya, salaam.

Jumatatu iliyopita mfanyakazi mwenzangu Mmarekani aliniambia kwamba viatu vyangu ni "funky", nami nikamshukuru. Jana huyohuyo alifungua jokofu la kazini, akanusa bakuli langu la chakula, akasema linanukia "funky", kisha akalisogeza mbali. Naomba mwenye ujuzi anieleze kama nimesifiwa mara mbili au nimesimangwa mara mbili.

*

Dada yangu, salaam.

Viatu vilisifiwa. Kuhusu bakuli, hakukusimanga. Alikueleza kwa maneno ya kupunguza makali kwamba chakula kimechacha.

Maana ya uvundo ndiyo ya kale, nayo ilikuwepo katika Kiingereza karne kadhaa kabla wanamuziki weusi wa Marekani hawajaipindua kuwa sifa. Wapiga jazi wa miaka ya 1950, akiwemo Horace Silver, walilitumia kwa muziki wenye ladha ya bluzi na ya nyimbo za makanisa ya watu weusi, muziki usioona haya kutoa jasho. Na katika miaka ya 1960 James Brown, aliyewataka wapigaji wake waukaze mdundo kwenye pigo la kwanza, akaujenga mtindo mzima unaoitwa funk. Kutoka hapo neno likahamia kwenye mavazi, miwani na hata rangi za ukuta, likiwa na maana ya kitu chenye mtindo wake, kisicho cha kawaida lakini kinachopendeza.

Mwanahistoria wa sanaa Robert Farris Thompson alilihusisha na neno la Kikongo "lu-fuki", yaani harufu ya mwili, ambayo Wakongo huitaja kwa heshima wanapomsifu mtu aliyetokwa na jasho kwa bidii yake. Wengine hulipeleka kwenye Kilatini, kwa neno linalohusu moshi. Sisi tunaosema moshi unafuka tunashawishika kudai undugu na pande zote mbili, ingawa kufanana kwa sauti si ushahidi.

Katika matumizi ya kila siku, tazama ni hisi gani inayozungumziwa. Kinachoonekana au kusikika, kama koti au wimbo, kwa kawaida kinasifiwa. Kinachonuswa au kuonjwa kina walakini, isipokuwa kwa wapenzi wa jibini kali, ambao husifu hata uvundo. Kompyuta au gari likiitwa hivyo, maana yake haliendi sawasawa. Usilitumie katika barua ya kuomba kazi, na kwa daktari usiseme tumbo liko "funky"; eleza maumivu yako wapi na yalianza lini. Tena, mtu akikwambia yuko "in a funk", usimwalike kucheza dansi, kwa maana hapo neno halihusiani na muziki: ana huzuni.

*

Kaka, nashukuru sana. Nakiri kwamba chakula kile kilikuwa cha wiki iliyotangulia, na leo asubuhi nimekimwaga mwenyewe. Viatu nitaendelea kuvivaa.